Ukurasa wa Thelathini na Moja

Enid Trevorrow alikuwa na miaka themanini na miwili, na alikwisha kusoma riwaya zote za mapenzi zilizokuwa katika maktaba ya Wirrabeen, nyingine mara mbili kwa bahati mbaya. Bahati mbaya hiyo ndiyo iliyowafundisha wanawake wa mji ule kuweka alama. Riwaya zile zilifanana kama kondoo waliotoka kunyolewa. Kutazama jalada hakukusaidia kitu. Basi kila msomaji alichora alama yake ndogo, kwa penseli, chini ya ukurasa wa thelathini na moja. Ya Enid ilikuwa ndoana. Ya Nola Quast ilikuwa unyayo wa kuku. Ukikuta alama yako, unarudisha kitabu rafuni. Hakuna aliyekemea. Mkutubi wa zamani naye alikuwa na alama yake.

Enid hakuishia kwenye ndoana. Katika karatasi tupu ya mwisho aliandika maoni yake. Alikuwa amewapikia wanyoaji kondoo kwa miaka thelathini, nyama asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo hakudanganyika upesi. "Tajiri huyu ana kondoo elfu ishirini na viganja laini. Mwongo." "Msichana amejikwaa mara sita, amedakwa mara sita. Apelekwe kupimwa macho." "Wamekula karamu tatu na hakuna aliyeosha sufuria." Alichokipenda alikisifu kwa maneno machache zaidi. Kimoja kilihusu mume na mke walionuniana kipupwe kizima, hata mume akautengeneza kimyakimya mlango wa jiko uliokuwa ukimuunguza mkewe mkono. Chini yake Enid aliandika: "Mwandishi huyu ameolewa."

Nola alikuwa akimjibu humohumo. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa ndani ya kitabu kimoja kibovu kiitwacho *Mgeni wa Mto Mkavu*, ambamo mwanamume anaondoka bila kuaga, anarudi baada ya miaka saba, na mwanamke anamfungulia mlango huku akilia kwa furaha. Enid aliandika: "Upuuzi. Angemwacha nje alale na mbwa." Nola akaandika chini yake: "Wewe Les ulimfungulia."

Les alikuwa marehemu mume wa Enid. Aliwahi kupotea miaka miwili, akarudi na mkoba uleule. Enid alimnunia Nola mwezi mzima, kisha wakapatana juu ya keki bila kulitaja jambo hilo. Lakini hakuandika jibu. Mwaka hata mwaka alijiambia ataandika, na Nola akafa.

Baada ya hapo Merv, mume wa Nola, aliendelea kuazima riwaya kwa kadi ya mkewe. "Ni za Nola," alikuwa akisema pale mezani, miaka sita baada ya mazishi, na watu wakaitikia, "Msalimie." Ule ulikuwa mji wa watu wenye adabu.

Ndipo alipoletwa Kirrily, mkutubi mpya. Zamani mkutubi alijua nani amefiwa na nani mguu unamuuma, akakuwekea kitabu kinachokufaa. Huyu alijua takwimu.

"Bi Enid, halmashauri inataka kuliondoa rafu lile la riwaya za mapenzi," alisema. "Wanasema vitabu vimechorwachorwa na waazimaji ni wachache. Ila ukiniandikia maneno mazuri nikayaweka kwenye jarida la mji, huenda wakaliacha."

"Mazuri kiasi gani?"

"Ya kutoka moyoni tu, mama."

Kosa lilikuwa hapo. Enid aliandika ya moyoni. Siku mbili za kufikiri, asubuhi moja ya kuandika: katika riwaya mia mbili na arobaini, zinazosomeka ni kumi na moja, akazitaja moja moja. Nyingine, aliandika, zimetungwa na watu wasiowahi kumpikia wala kumzika mtu. Hata hivyo rafu liachwe, kwa sababu kitabu kibaya kinachosomwa na watu thelathini kina faida ambayo kizuri kilichofungiwa kabatini hakina.

Jarida likatoka. Sentensi ile ya mwisho ilikuwa imekatwa ili ukurasa utoshe. Wakuu wa halmashauri wakasoma kwamba hata msomaji mwenyewe hazipendi, na kikao kikaisha kabla chai haijapoa.

"Nilisema liachwe!" Enid alifoka.

"Najua, Bi Enid. Samahani sana. Lakini zote zipo kwenye kishikwambi, nitakufundisha. Ukimaliza unatoa nyota."

"Ukurasa wa thelathini na moja uko wapi humo?"

Kirrily alifikiri. "Inategemea umezikuza herufi kiasi gani."

Enid akakitazama kile kioo, akamtazama binti yule, akaona hakuna wa kugombana naye. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Zamani ulikuwa ukijua nani amekukosea.

Jumamosi vitabu vikamwagwa juu ya meza mbele ya maktaba, achukue anayetaka, vinavyobaki vikatupwe. Enid alifika mapema. Muuza vitabu vikuukuu kutoka jiji kubwa alikuwa amemtangulia, kipande cha jarida mkononi, akiteua kwa kufuata orodha yake. Vile kumi na moja vilikuwa tayari ndani ya gari, na kile cha mlango wa jiko kimo.

"Orodha safi sana hii," mtu yule alimwambia kwa furaha. "Unamfahamu aliyeiandika?"

"Mpumbavu mmoja," Enid akajibu, akaanza kuchakura meza.

Sasa alitaka kimoja tu, kile cha Mto Mkavu. Alikipata mikononi mwa Merv Quast, aliyekuwa amesimama mwisho wa meza, kofia kwapani.

"Hicho nipe, Merv."

"Ni cha Nola."

"Acha hizo, mzee. Leo hakuna wa kukuazimisha."

"Nasema kweli. Kina mwandiko wake." Akafungua karatasi ya mwisho. "Nyumbani nina orodha za dukani tu. Hapa anagombana. Ni yeye mwenyewe kabisa."

"Kina siri yangu pia."

"Siri gani, Enid? Mji mzima tumeisoma."

Enid alikasirika, kisha akaona ni kweli. Miaka yote ile alikuwa akilinda mlango usio na nyumba. Akanyoosha mkono. Merv alisita, akampa. Enid akatoa penseli mkobani, akainama juu ya meza, na chini ya mwandiko wa Nola akaandika polepole, kwa sababu vidole vilikuwa vinamuuma:

"Nilimfungulia. Sikulia kwa furaha. Hakuomba radhi hadi anakufa, na supu nilimpa. Hayo hayamo kitabuni, ndiyo maana ni kibovu."

Akamrudishia. Merv alisoma, midomo ikimchezacheza.

"Angekujibu," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nilichelewa."

Merv akakitia kitabu ndani ya koti. Enid akachukua kingine kilichokuwa karibu, daktari na kidevu chake jaladani, akafungua ukurasa wa thelathini na moja. Ndoana. Akakitupa kwenye lundo na kuchukua kingine. Ndoana.