Kuchemsha Mara Mbili

Pale maabara ya idara ya maji walimwita Mama Vichupa, na jina likamkaa kama nguo ya kushonesha. Vijidudu alivichukia kuliko wezi. Ukimtembelea hupewi maji ambayo hayajachemka, hata uwe unakufa kwa kiu. Kwa hiyo bintiye alipojifungua na maziwa yakagoma kutoka, alimpa amri moja tu: "Maji ya kumkorogea mtoto maziwa ya unga, chemsha. Kisha chemsha tena." Binti hakuwa mbishi, akatii.

Asubuhi moja Mama Vichupa aliletewa chupa ya maji kutoka kisima kinachonywesha mtaa wa binti huyo. Maji maangavu, klorini sawa, akaridhika. Akachovya kijikaratasi cha kupimia naitreti, ile chumvi ya mbolea na vyoo inayojipenyeza ardhini. Kikageuka rangi ya waridi, rangi ikakolea. Akachovya kingine. Yaleyale. Kikomo ni miligramu hamsini kwa lita, ikizidi hapo damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba oksijeni; haya yalikaribia mia.

Akampigia mkuu wake, kisima kifungwe. Simu ingali sikioni, akakumbuka sufuria ya bintiye. Naitreti haifi kwa moto. Maji hupaa kama mvuke, naitreti hubaki sufuriani ikizidi kukolea. Hilo alilijua tangu chuoni, ila vijidudu vilikuwa vimemjaa kichwani hata akalisahau.

Akampigia binti.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mama. Leo analala tu. Ila midomo imekuwa ya bluu, nikadhani baridi, nimemfunika blanketi."

"Usimpe tena hayo maziwa! Mbebe, kimbia hospitali, nakuja!"

"Lakini maji nimechemsha, Mama! Tena mara tatu!"

Alitoka mbio na koti la maabara mwilini.

Alipowakuta, mtoto alikuwa amewekewa oksijeni na dawa ya kupitia mshipani. Daktari alisema wamewahi, atapona. Mama Vichupa akajibwaga kwenye benchi.

Kisha daktari, aliyekwisha kuelezwa habari ya maji, akamgeukia binti. Nani alimwambia achemshe maji kiasi kile?

Binti alikuwa hoi, lakini alijibu kwa fahari.

"Mama yangu, huyu hapa. Muulize yeye, daktari. Maji ndiyo kazi yake."