Mkwe Haingii Choo cha Mama Mkwe

Kama kuna mtu alitaka sisi watu wa Rumonge tuwe na afya na ustawi, basi mwaka aliuchagua vizuri sana: tisini na saba. Milimani bunduki zinaongea. Barabara ya Bujumbura inafunguka siku inayojisikia. Bomba la karitiye, mtaa wetu huu, limekauka tangu fundi wake akimbilie Kigoma. Na sisi, shirika moja la wazungu limetuletea fulana. Fulana mia mbili nyeupe, kifuani zimeandikwa “Afya na Ustawi wa Familia na Vijana”. Afya tuliijua, ndiyo ile tuliyokuwa tunaipoteza. Ustawi tuliulizana ni kitu gani, na hakuna aliyekuwa amewahi kuuona.

Pamoja na fulana walitaka mtu wa kuzunguka na kufundisha, wakamchagua jirani yangu Sikuzani binti Hakimu. Mjane, Mswahili wa hapa hapa, miaka thelathini anakausha ndagala, vile visamaki vya ziwa, ufukweni. Walimpa na megafoni, hasara tupu, kwa sababu Sikuzani akimwita mtu aliye mtumbwini huko mbali, mtu huyo hugeuka, na wa mtumbwi wa pili hugeuka pia.

Kazi ile aliichukua kama amepewa na Mungu. Kila asubuhi, akishamaliza kutandaza ndagala zake, anavaa fulana, anapita nyumba kwa nyumba: chemsheni maji, naweni mikono, chimbeni choo, na mkishakichimba mkitumie, si pambo. Alhamisi alikuwa na vijana kwenye baraza la shule. Alisema nao juu ya magonjwa ya kitandani bila kupepesa jicho, yeye na mtandio wake kichwani, na wavulana waliokuja kucheka waliishia kuangalia vidole vya miguu yao. Mimi alinichosha kwa ajili ya bidoni zangu, madumu ninayouzia mawese. Aliniuliza kila wiki nimeziosha na nini. Nilimjibu nimeziosha na uvumilivu.

Sasa choo chake mwenyewe. Hicho kilikuwa cha mfano. Shimo refu, kifuniko, bati jipya, mlango wenye komeo, na nje kidumu cha maji na sabuni juu ya jiwe. Wazungu walikuja na kamera wakakizunguka pande zote. Choo kile kilipigwa picha nyingi kuliko mimi siku ya arusi yangu, na nilikuwa mzuri.

Mwezi wa pili, vita ya milimani ikawashukia watu wa Minago, kijiji jirani. Binti yake Mariyamu akafika na mimba, watoto wawili, godoro juu ya baiskeli, na mume wake Hamisi anaisukuma. Hamisi alikuwa mvuvi mpole, mwenye adabu. Adabu ilimzidi, maskini. Kwetu sisi mkwe na mama mkwe wanaheshimiana, tena sana. Hawali sahani moja. Mama akitokea njiani, mkwe anapisha na kuangalia chini. Mambo ya choo ndiyo usiseme kabisa: kuingia pale alipoingia mama wa mke wako, kuchuchumaa alipochuchumaa, ni sawa na kumwona uchi. Zamani haikuwa shida. Mkwe alikuja sikukuu, alikula, alishukuru, akarudi kwake na tumbo lake. Lakini vita haikuuliza nani ni mkwe wa nani kabla ya kuwasukumia watu wote ndani ya ua mmoja.

Basi Hamisi, kila kukipambazuka, kitambaa begani, anashuka kwenye matete ya ufukweni, taratibu, kama mtu anayekwenda kuwasalimia samaki. Na upande wa pili wa matete yale ndipo karitiye nzima tulipokuwa tunachota maji.

Kila mtu alimwona. Mimi nilimwona. Sikuzani alimwona vizuri kuliko sisi wote, maana saa hiyo alikuwa mlangoni anafunga mtandio, na ghafla alikuwa anakuta uzi kwenye kitenge chake unaohitaji kuangaliwa kwa makini. Hamisi akishapotea, uzi nao unakwisha. Kisha anachukua megafoni, anakuja kwangu kugombeza wajukuu zangu waliokojoa nyuma ya nyumba. Mganga hajigangi, waliosema hawakukosea.

Siku moja nilimuuliza kama hako kadudu ka kipindupindu kanaheshimu wakwe. Aliniangalia mpaka nikajuta.

“Unataka mimi, mama ya muke wake, nimuonyeshe choo changu na kidole?”

Nikamwambia amtume Mariyamu. Kumbe alishajaribu. Mariyamu alisema ni afadhali arudi Minago kwenye risasi kuliko kumpelekea mume wake maneno ya choo kutoka kwa mama yake mzazi. Kuchimba cha pili? Wapi? Ua ulikuwa umejaa familia mbili nyingine za wakimbizi, hata kuku walilala kwa zamu. Tukacheka, tukaacha. Mimi nilicheka zaidi, na stori ile niliipeleka sokoni, ikawafurahisha watu wiki nzima.

Mwezi wa nne mvua ikanyesha, na kipindupindu kikaja bila kuvaa fulana.

Nyuma ya kwangu aliishi Elda, mwanamke wa Kongo, upande wa Uvira, mtu wa kanisa, na mtoto wake mmoja tu, Akonkwa. Msichana wa miaka sita. Kila asubuhi alishuka na kabidoni ka lita tatu kuchota maji pale kwenye matete, akarudi anaimba. Elda alijua maji yanachemshwa, somo alilishika kichwani neno kwa neno. Lakini kuni zilitoka milimani, na milimani nani angekwenda? Walikunywa hivyo hivyo. Wengi tulikunywa hivyo hivyo.

Jumanne Hamisi akaanguka uani. Jumanne hiyo hiyo, saa nne, Elda akatoka nyumbani kwake amembeba Akonkwa, miguu ya mtoto inaning'inia. Tuliwapeleka wote wawili kwa baiskeli kwenye kituo cha afya. Pale palikuwa na muganga mmoja tu, nesi Élysée, na wagonjwa arobaini wamelala kwenye vitanda vilivyotobolewa katikati, ndoo chini. Élysée alisema hana mikono ya kumwosha kila mtu. Kila mgonjwa awe na mtu wake. Mariyamu alikuwa na mimba ya miezi minane, akakatazwa hata kuvuka mlango. Mama yake Hamisi alibaki Minago na barabara ilikuwa imefungwa.

Élysée akauliza huyu mwanaume ni wa nani. Watu wakaangaliana. Sikuzani akasimama, akasema, “Ni wangu.”

Siku mbili nzima alimwosha mkwe wake. Alimvua, akamfuta, akambadilisha nguo, akamwaga ndoo, akarudi, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Nilikuwepo, nilimletea uji. Hamisi alifumba macho muda wote. Élysée alidhani amezimia, akawa anampiga makofi mashavuni. Wapi! Alikuwa mzima wa akili, alikuwa anaona haya. Machozi yalimtoka ndani ya macho yaliyofungwa, na Sikuzani akayafuta nayo, kwa kitambaa safi.

Kitanda cha tatu kutoka hapo alilala Akonkwa. Sikuzani akishamaliza kwa Hamisi anakwenda kwa mtoto, anamsaidia Elda kumgeuza. Mishipa ya mtoto ilikuwa imejificha, sindano haikuipata. Alhamisi Hamisi aliweza kukaa. Alhamisi hiyo hiyo, adhuhuri, Akonkwa akafa.

Tulikwenda matangani kesho yake. Watu wa kanisa waliimba, wanawake tukakaa kwenye mikeka. Sikuzani aliingia bila ile fulana, akapita katikati yetu, akakaa chini kwenye udongo mbele ya Elda.

“Elda, nilikuwa naona,” akasema. “Kila asubuhi nilikuwa naona mukwe wangu anashuka mu matete, na mutoto wako anashuka nyuma yake na kabidoni. Nilipata haya ya kusema.”

Wimbo ukakatika. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu na mimi nilikuwa naona. Soko zima nililiambia. Elda peke yake ndiye ambaye sikumwambia, kwa sababu Elda ni mtu wa kanisa na stori za choo si za kumpelekea mtu kama yule. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yangu mimi. Mungu anisamehe, sijui kama atanisamehe.

Elda hakulia wala hakutukana. Aliuliza kama kesho Sikuzani atapita na megafoni. Sikuzani akajibu hapana, anairudisha.

“Usirudishe,” Elda akasema. “Pita. Kila nyumba, useme vile umesema hapa. Na useme jina yake.”

Akapita. Jumamosi asubuhi karitiye ikasikia kwa megafoni mambo ambayo hayajawahi kusemwa Rumonge tangu ziwa liwepo: mimi Sikuzani binti Hakimu, mukwe wangu aliona haya kuingia mu choo changu, na mimi niliona haya kumuambia aingie, na Akonkwa wa Elda amekufa. Nyumba kwa nyumba, maneno yale yale. Wazee wawili kwenye baraza la msikiti waliziba masikio. Wake zao hawakuziba. Mmoja alitoka mlangoni akasema kwa sauti ndogo kwamba na kwake kuna mkwe.

Hamisi alikuwa ndani, amerudi jana yake, mifupa mitupu, anasikia kila neno. Niliwaza atachukua baiskeli yake akimbie, na nisingemlaumu. Akatoka. Alisimama katikati ya ua, watu kumi na watatu tunamtazama, wakimbizi, watoto, mimi juu ya ukuta na shingo yangu ndefu. Akatembea mpaka kwenye choo cha mama mkwe wake, akaingia, akafunga komeo.

Alipotoka, Sikuzani alikuwa amerudi, amesimama pale pale na megafoni chini ya kwapa. Hamisi hakupisha. Alinawa mikono kwa kidumu, polepole, kisha akainua uso akamwangalia machoni, mara ya kwanza tangu amwoe Mariyamu.

“Mama,” akasema, “sabuni imeisha.”

Sikuzani akasema ataleta nyingine. Akaingia ndani kuichukua, na huko ndani tukamsikia analia.