Dakika Nne Kasoro

Kwa miaka ishirini na miwili, kila aliyeoga katika bafu la kulipia pale sokoni aliogea kwenye masikio ya mwanamke mmoja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, mgongo ukutani, mkono wa kulia juu ya koki kuu, na mbele yake milango sita ya bati. Saa hakuwa nayo. Dakika saba zikitimia alijua, na wa ndani alijua pia, maana ngumi ilitua mlangoni na sauti ikafuata: "Dakika!" Aliyejifanya hakusikia alifungiwa maji na povu lake kichwani. Wapagazi, wauza samaki na madereva wa malori walimwita Mama Dakika, na hakuna aliyewahi kumwongopea akafanikiwa.

"Mama, nionee huruma, sabuni imeniingia jichoni!"

"Lifumbe. Lingine utaonea njia."

Bafu lile alilianza na ndoo mbili na pazia la magunia. Hakupewa na mtu. Kila bomba, kila kigae, kila karatasi ya ofisi ya soko alivipata kwa kubishana mpaka mwenzake akachoka. Hivyo watu walimwogopa, na yeye aliona hilo ni jambo jema kibiashara.

Lakini kazi ilikuwa masikioni. Maji yanayomwangukia mtu huvunjika: mara kichwani, mara begani, mara kiganjani, kila pahala na mlio wake. Maji yanayoanguka sakafuni tu yana sauti moja. Siku moja mpagazi alianguka kifafa nyuma ya mlango wa nne, na Mama Dakika alikuwa anapiga soga na muuza sabuni. Yule mtu aliokolewa, ila kwa kuvunjiwa mlango na kwa bahati. Tangu hapo akajiwekea sheria: ukisikia sauti moja, hesabu thelathini, gonga, asipojibu, fungua. Akabadilisha vitasa vyote, akaweka vile vyenye mfuo unaofunguka kutoka nje kwa sarafu. Sheria ile ilifanya kazi mara tatu baadaye. Binti yake, aliyekuwa akiandika kazi za shule juu ya kreti kando ya kiti kile, aliijua kama jina lake.

Binti huyo sasa alikuwa daktari wa meno, na alikuwa amepata mchumba. Kijana hakuwa na neno. Neno lilikuwa kwa mama yake, mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mwanamke aliyekaa wima hata kwenye sofa. Kila akiulizwa kuhusu harusi alijibu, "Bado natazama." Kijana alifanya kazi katika ofisi ya meli za kitalii, akapata tiketi nne za safari ya siku nne. Hao akina mama wakazoeane majini, ambako hakuna wa kuaga mapema.

Usiku wa kufunga mabegi, binti alikaa kitandani kwa mama yake akichezea zipu.

"Mama, akikuuliza kazi, mwambie una biashara ya vifaa vya usafi."

"Bafu limekuwa kifaa tangu lini?"

"Sabuni si unauza?"

"Nauza vipande."

"Basi. Si uongo."

Mama Dakika alimtazama. Angeweza kukataa. Badala yake aliupima ule mpango kama alivyopima kila kitu, akaona ni wa haki: anatoa neno moja, anapata mkwe. Akakubali.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda. Mwalimu mkuu aliuliza, akajibiwa, akasema, "Usafi ni biashara isiyolala," na hapo pakaisha. Siku ya pili baada ya kifungua kinywa alikuja kugonga chumbani.

"Mkwe, vaa vazi la kuogelea. Leo twende kule chini, kwenye spa. Nimesoma kijitabu chao. Kuna sauna, kuna chumba cha mvuke, kuna shawa za kila namna. Mifupa yangu inadai."

Mama Dakika hakuwahi kuingia bafuni kama mteja tangu aanze kujenga lake. Mlango wa kioo ulipofunguka, macho yake yalikwenda chini kabla ya kwenda juu. Sakafu ina mteremko mzuri, maji hayatuami. Kati ya kigae na kigae hakuna weusi. Milango ya shawa ni ya mbao nzito, na vitasa vyake, alivipapasa kwa kidole, vina mfuo. Aliyejenga hapa anajua kazi. Alikaribia kusema hivyo kwa sauti, akajibana. Muuza vifaa vya usafi hapapasi vitasa.

Sauna, chumba cha mbao kinachopashwa kwa mawe ya moto, ilinukia kama karakana ya seremala. Walikaa kwenye benchi la juu, na chini yao wanawake wawili wa meza ya jirani, waliokwisha kuwa mashoga wa mwalimu mkuu kwa ajili ya karata za jana. Ukutani palikuwa na saa ya mchanga ya dakika kumi na tano. Kibao kando yake kilisema mtu akae dakika kumi, atoke, anywe maji, apumzike. Mwalimu mkuu alikisoma kwa dharau. Alikuwa mtu wa kutoa maagizo, si wa kuyapokea, na sasa alikuwa raundi ya tatu.

"Unajua, mkwe," alisema, jasho likimchuruzika kidevuni, "huku ndiko kuoga. Si kama lile bafu la sokoni."

Mama Dakika aligeuka. "Lipi hilo?"

"La milango ya bati. Nilipita pale mwaka juzi namtafuta fundi viatu. Jamani, kuna mama pale, nilimwona mgongo tu! Anagonga milango kama askari wa gereza. 'Dakika! Dakika!' Mtoto wa watu akatoka povu masikioni, taulo kalishika kwa meno, soko zima linamcheka. Nikajiuliza, huyu mwanamke alizaliwa au alichongwa kwenye gogo?"

Wale wawili wa chini walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mama Dakika naye akacheka. Hilo peke yake lingesameheka. Mtu hucheka kwa kukosa pa kuweka uso. Lakini aliona mwalimu mkuu anamtazama, anangoja, akaongeza kwa kinywa chake mwenyewe: "Wengine hata haya hawana. Mtu mzima kupigia kelele watu walio uchi!"

"Sema wewe!" mwalimu mkuu akamgonga goti, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimkalia karibu.

Mama Dakika alihisi joto ambalo halikutoka kwenye yale mawe. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameisimamia milango ile bila kuinamisha kichwa mbele ya yeyote, na sasa ameitema kama mbegu ili agongwe goti.

Mchanga ulipoisha mwalimu mkuu aliinuka, akashika ukuta, akaachia. "Najimwagia kidogo nakuja." Alikwenda hatua za taratibu, akaingia shawa ya mwisho. Kitasa kikalia. Mmoja wa wale wanawake aliigeuza saa ya mchanga, wakaanza raundi yao. Mama Dakika alitoka, akakaa kwenye kitanda cha vigae vya moto mkabala na mlango ule. Kupitia kioo cha sauna aliuona mchanga ukishuka.

Masikio hayakuambiwa yapumzike. Yalisikia maji yakivunjika kichwani, yakavunjika begani. Kitu kikagota, chepesi, kama chupa ya sabuni. Kisha maji yakawa na sauti moja.

Mchanga ulikuwa umeshuka robo.

Alihesabu thelathini. Mkono ukanyanyuka wenyewe kutoka pajani, akaushusha. Akajiambia shawa za huku zina kichwa kipana kama sinia, pengine ndivyo zinavyolia. Akampa thelathini nyingine. Akajiambia amekaa chini tu, anapumzisha mifupa. Akampa nyingine. Kwenye kona ya mbali mhudumu wa kike alikuwa akikunja mataulo. Angeweza kuitwa kwa kidole. Lakini akija akakuta mtu mzima anajipaka sabuni, itaulizwa nani alikuwa anasikiliza mlangoni, na anasikilizia nini. Kugonga? Kugonga ndiko kabisa. Angegonga mara moja tu na yule wa ndani angemjua ni nani.

Mtu ambaye hajawahi kumwongezea mteja nusu dakika, hata mwenye mimba, sasa alikuwa anayaongezea maji, na kila thelathini aliyoyapa aliyapa nyingine. Alijua. Hilo ndilo baya. Tangu thelathini ya kwanza alijua, kama mtu anavyojua ni mguu wake uliokanyagwa.

Mchanga ulipofika nusu aliinuka.

"Mkwe," aliita, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Maji.

"Mkwe!"

Kisha ile sauti yenyewe ikamtoka, ya sokoni, na ngumi ikatua mara tatu juu ya mbao. "Dakika! Fungua!" Mhudumu aliangusha mataulo. Mama Dakika alikwishaingiza kibati cha ufunguo wa kabati la nguo, alichokuwa amekivaa mkononi, kwenye mfuo wa kitasa na kukizungusha.

Mwalimu mkuu alikuwa amelala ubavu, kichwa kwenye pembe. Alipokuwa anaanguka alikuwa ameishika koki na kuivutia upande wa moto, na maji yalikuwa yanamwagika mahali pamoja, juu ya mkono, chini kidogo ya bega. Mama Dakika alifunga maji. Kabla wale wa sauna hawajafika alimfunika taulo, akakaa sakafuni, akakiweka kile kichwa cha heshima mapajani mwake. Pumzi ilikuwepo.

Kufikia mchana meli nzima ilikuwa na shujaa. Meneja wa spa alileta kapu la matunda. Wale wanawake wawili walimshika mikono, wakasema ni Mungu aliyemweka pale. Kijana alimkumbatia ukumbini akilia waziwazi. Kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki, na hakuwa na pa kuutemea. Daktari wa meli alisema ni joto na kukosa maji mwilini, mgonjwa yuko salama. Kisha, akijaza fomu yake, akaongeza: "Ule mkono utaacha kovu. Maji yametulia pale dakika kama nne hivi. Angetolewa mapema ingekuwa wekundu tu."

Binti alikuwa amesimama karibu, na alimsikia. Alimvuta mama yake mpaka kwenye ngazi.

"Mama. Wewe unasikia kabla ya mtu yeyote. Ulikuwa wapi?"

"Pale pale."

"Mbali?"

"Mbele ya mlango."

Binti aliketi kwenye ngazi kama enzi za kreti, akafunika uso. "Ni mimi niliyekwambia," alisema.

"Wewe uliniambia niseme vifaa vya usafi," Mama Dakika alimjibu. "Kukaa kimya nilijiambia mwenyewe."

Akaenda kwenye zahanati ya meli bila kapu la matunda. Mwalimu mkuu alikuwa ameegemezwa mito, mkono umefungwa bandeji, macho yapo wazi.

"Kaa," alisema.

"Nitasimama. Mkwe, lile bafu la sokoni ni langu."

"Najua. Niliisikia ile ngumi. Ndiyo iliyonirudisha. Na ulicheka pamoja nami."

"Nilicheka. Nikaongeza."

"Uliongeza, kweli. Basi tumeaibishana, tumelipana. Mimi nina ulimi, wewe una uongo. Yaishe."

Hapo ndipo pangekuwa pa kutokea. Mlango ulikuwa wazi, bei ilikuwa rahisi, na mtu wa biashara angechukua akaondoka. Mama Dakika alishika chuma cha kitanda.

"Hayajaisha. Nilisikia umeanguka. Kwangu huwa nahesabu thelathini tu, nafungua. Kwako nimekaa robo nzima ya ule mchanga. Dakika nne kasoro. Huo mkono ni wangu."

Mwalimu mkuu aliitazama bandeji, kisha akamtazama yeye, muda mrefu, kwa yale macho yaliyokuwa yamewatoa jasho watoto wa shule miaka thelathini.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Wewe. Kwamba utanijua."

"Nife, ila nisikujue."

Uso ulimshuka Mama Dakika mpaka akaona vidole vyake mwenyewe vya miguu kwenye ndala za meli, akabaki navyo.

"Watoto wote niliowauliza kwa nini hawakusema walinijibu waliogopa," mwalimu mkuu alisema. "Sikuwahi kulihesabu kuwa jibu."

"Hata mimi silihesabu."

"Vizuri. Mwanangu ataoa kwenu, sitamnyima mke kwa ajili ya masikio ya mama mkwe. Lakini sikiliza. Mimi sitakusema, wala sitakufichia. Atakayeuliza habari za mkono huu nitamleta kwako, na utamwambia kama ulivyoniambia mimi. Yote. Anza na mwanangu, yuko hapo nje."

Alianza na kijana, pale ukumbini. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu, akaenda kukaa na mama yake akafunga mlango. Hakumkumbatia tena safari ile.

Harusi ilifanyika miezi miwili baadaye. Mwalimu mkuu alikuja na gauni la mikono mifupi, kovu likang'aa kama sarafu mpya, na wageni ni watu, waliuliza. Kila aliyeuliza alioneshwa kwa kidole mwanamke wa meza ya pili, mwenye kitambaa cha kijani. "Muulize yule." Wakaja, mmoja mmoja, na sahani zao mikononi. Mama Dakika aliweka kijiko chini kila mara, akawaeleza yeye ni nani, kazi yake ni ipi, alisikia nini na alingoja kiasi gani. Wengine walimpunguzia. "Dakika nne si nyingi, mama, kwenye kuchanganyikiwa." Akakataa punguzo. Kufikia keki alikuwa ameisimulia mara kumi na moja, na ile ya kumi na moja ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.