Siku Niliyoinyamazisha Besi ya Mzee Anselmi

Mambo ya juzi yananitoroka, mwanangu, lakini Jumamosi ile naikumbuka kama naishika mkononi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, katibu wa kwaya katika kanisa letu la Manzese, na tangu asubuhi nilikuwa nimeanika betri sita juu ya bati. Wewe hujui kuanika betri. Zilipochoka tulizilaza juani kama dagaa, zikapata uhai wa saa moja hivi, nasi tukamshukuru Mungu. Betri hizo zilikuwa za redio kaseti ya mjomba wangu, na kazi iliyokuwa mbele yetu haikuwa ndogo: kurekodi wimbo mmoja kwenye kanda, ili Jumatatu niupeleke redioni, upigwe katika kipindi cha nyimbo za dini.

Tulijiandaa kama wenye harusi. Madirisha tulifunga, kuku tukawafukuza. Gereji ya Bwana Seif ilipakana na ukuta wa kanisa, nikaenda kumwomba apumzishe nyundo kidogo.

"Imbeni, dada," akasema. "Leo hata spana hailii. Ila mkifika redioni mtaje na gereji."

Tukaimba. Nikarudisha kanda, tukasikiliza. Hapo ndipo tulipomsikia Mzee Anselmi.

Mzee huyu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Masasi, mwembamba mwenye kifua kama ngoma. Aliimba besi safu ya nyuma tangu kanisa likiwa la makuti. Masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kila neno lilimfikia kwa kuchelewa, naye akalitoa kwa kuchelewa, lakini kwa nguvu zake zote. Ibadani tulikwisha kumzoea. Kwenye kanda ilikuwa balaa. Kwaya nzima ilishafunga wimbo, kukawa kimya, halafu kutoka nyuma ikaja "Amina!" ya mtu mmoja, kama abiria aliyeachwa na basi. Tulicheka mpaka machozi. Mzee naye alicheka.

"Kawia ufike," akasema. "Mie nimefika."

Ningeishia kwenye kicheko kile ningelala na amani. Lakini wahenga walisema mkamia maji hayanywi, na mimi niliikamia redio. Nikamvuta mzee pembeni. Mwalimu wetu wa kwaya aliona, akajifanya anapanga madaftari.

"Mzee wangu," nikamwambia, "safari hii tunaomba utusindikize kwa midomo tu."

"Midomo bila sauti?"

"Ndiyo, mzee. Mashine haioni, inasikia tu."

Akaitazama ile redio kaseti. "Haya, mwanangu. Mashine itasikia, Mungu ataona. Watagawana."

Akarudi safu ya nyuma, akasimama wima, akafumbua na kufumba mdomo kwa adabu mpaka mwisho. Kanda ikatoka safi. Nilijisifu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kesho yake Mzee Anselmi hakuvaa joho la kwaya. Alikaa kwenye mabenchi ya waumini. Jumatano hakuja mazoezini, na Jumapili iliyofuata akakaa tena benchini. Alinisalimu vizuri, akaniuliza na hali ya mama yangu. Hakumlalamikia mtu. Nikajiambia kwamba anapumzika; moyo wenye kosa, mwanangu, ni hodari wa kujitungia sababu.

Ikafika Jumapili wimbo wetu ulipopangwa kupigwa, saa kumi jioni. Nikaona nichukue redio ya mjomba nimpelekee Mzee Anselmi, tusikilize pamoja, afurahi. Nilifikiri nakwenda kutenda jema.

Nikamkuta barazani anapiga msasa kinyago. Mkewe, Mama Fausta, alikuwa kwenye mkeka, miguu imevimba. Ulikuwa mwaka wa pili hajaweza kufika kanisani. Siku hiyo alikuwa amepaka nywele mafuta na kujifunga kitenge kipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Kaa hapa. Leo namsikia mume wangu redioni!"

Nikamtazama mzee. Alikuwa ameinamia msasa wake. Nikaelewa kwamba hakumwambia neno.

Wimbo ukaanza. Mama Fausta akategesha sikio, anatabasamu, anangoja. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaanza kutafuta. Tukafunga wimbo safi kabisa, wote kwa pamoja, kisha mtangazaji akaendelea na mambo yake.

"Anselmi," akasema Mama Fausta, "mbona hukuimba?"

"Nilikuwepo, mama. Nilisimama safu ya nyuma kama siku zote."

"Kusimama umesimama. Mie nauliza kuimba."

Mzee akaendelea na msasa. Angeweza kunitaja, nami nimekaa mbele yake. Hakunitaja. Ingekuwa afadhali anipige na kile kinyago.

"Mama," nikasema, "ni mimi niliyemkataza. Anachelewa, nikaona ataharibu kanda."

Nilingoja radi. Mama Fausta akacheka. "Anachelewa! Hilo wewe umeligundua juzi? Huyu alichelewa hata siku ya harusi yetu, mpaka mchungaji akaanza kuniuliza kama nina bwana mwingine!"

Mzee mwenyewe akacheka kidogo. Kisha mama akajifuta macho kwa pindo la kitenge, na sauti yake ikashuka.

"Nyie mnaokwenda kila Jumapili mnataka wimbo mzuri. Mie nisiyekwenda nilitaka kulisikia kanisa langu. Na kanisa langu lina Anselmi anayechelewa. Hili uliloniletea ni la nani?"

Nilipiga magoti, nikawaomba msamaha wote wawili.

"Sikununa, mwanangu," akasema mzee. "Nilidhani ndiyo mmenistaafisha kwa heshima."

"Hatujakustaafisha, mzee. Safu yako ina pengo. Rudi."

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, kwaya nzima tulifuatana mpaka kwenye baraza ile na redio kaseti yetu. Bwana Seif naye alikuja, akasema hawezi kupitwa na wimbo alioufungia gereji. Mzee Anselmi akasimama nyuma, tukaanza, naye akatufuata kwa mbali kidogo, kifua mbele. Jogoo wa jirani akawika. Katikati ya ubeti Mama Fausta akapiga kelele, "Huyo! Huyo ndiye!" na kelele hiyo ikaingia kwenye kanda. Hakuna aliyesema turudie. Kanda tulimwachia, naye akaipiga mpaka ikaanza kukwaruza. Mzee akaimba nasi miaka mingine mingi.

Sasa zamu ni yangu. Goti limegoma, na kutoka huku kilimani Goba mpaka kanisani ni safari ya mtu mwenye magoti mawili. Natazama ibada kwenye simu, na namshukuru Mungu kwa simu hii, ingawa hatujaelewana bado. Juzi nilitaka kuandika pole kwenye tangazo la msiba, nikatuma kikatuni kinachocheka. Mchungaji akanipigia kuuliza kama niko salama.

Kwa hiyo usidhani nawalaumu nyie vijana wa mitambo mnaoturushia ibada. Mnafanya kazi njema, na mnaifanya kwa jasho. Ila ninaposikiliza, nasikia waimbaji wanne wenye maiki, sauti tamu kweli, na waumini wengine nawaona wanafumbua midomo kama samaki. Nawajua. Yule dada anayepanda juu kuliko wimbo, yule babu anayekohoa kabla ya kiitikio, mtoto anayelia wakati wa sala: hao ndio ninaowakosa huku.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kabla hujaizima sauti ya mtu, iwe kanisani, iwe kwenye kundi la ukoo la simu ambako mjomba hutuma ujumbe mrefu asubuhi na mapema, jiulize kwanza nani yuko nyumbani anaingoja. Mashine ni mtumishi mzuri. Mwagize alibebe kanisa lilivyo, asilichague. Fundisheni sauti zilingane, fanyeni mazoezi, Mungu hapendi uzembe. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na kwaya haikuundwa na wale wenye sauti nzuri peke yao. Usihangaike sana na idadi ya waliotazama. Na ukigundua umemjeruhi mtu, usimtumie ujumbe. Nenda kwa miguu yako, ubishe hodi, useme, "Ni mimi."

Mungu aibariki mikono yako inayofunga na kufungua nyaya. Akupe sikio linalosikia walio nyuma kabisa. Akuzeeshe vizuri, mwanangu, na siku sauti yako itakapoanza kutetemeka, akuinulie kijana atakayekusogezea maiki.