Mama Jane, Aliyepiga Magonjwa Chapa

Asubuhi ya mwisho Mama Jane alitafuta miwani nyumba nzima. Alivuta mito, akachungulia chini ya meza, akanilaumu mimi.

"Wewe ndiye umeikalia, Baba Jane."

"Mimi nimekalia kiti. Shika kichwa."

Akashika. Miwani ilikuwa hapo, juu ya kitambaa. Akacheka, akamaliza chai akiwa amesimama, akakata kwa kiwanja cha jirani kwenda barabarani. Kabla ya mchana walinipigia simu kutoka Kajiado. Alianguka kazini, kati ya makabati ya faili. Presha. Hakuamka.

Tangu hapo sikai. Naenda kwa geti, narudi. Nafungua zizi na mbuzi wameshatoka. Jane, binti yetu, ananiambia, "Baba, keti basi." Naketi, nasimama. Malori ya simiti yanapita huko barabara ya Namanga, na mimi nasikiliza kama kuna gari litasimama.

Jina la Mama Jane lilikuwa Soipan. Alifanya kazi ofisi ya rekodi, hospitalini. Mgonjwa akitoka, faili inaletwa kwake, anasoma alichoandika daktari, anaupa ugonjwa namba. Mimi sikusoma, kwa hivyo alinieleza kwa ng'ombe.

"Ng'ombe bila chapa akipotea, nani atauliza? Ukiandika 'homa' tu, huyo mama amepotea. Kuna homa ya figo akiwa na mimba. Kuna ya kizazi baada ya kuzaa. Kuna ya kidonda cha upasuaji. Kila moja iko na chapa yake, ndio ijulikane ni gani inamaliza akina mama."

Namba za akina mama zilianza na herufi ya duara. Alinichorea kwa vumbi na fimbo yangu. Nikasema hiyo ni boma.

"Basi ni boma," akasema, "na mimi ndio mlango."

Mlango huo ulisukumwa na ndugu yangu mkubwa, Lemein, wa Mashuuru. Kakenya, mke wa mtoto wake Parmuat, alizaa nyumbani, kisha akashikwa na homa kali. Akalazwa hospitali ya Mama Jane, akakaa sana. Mtoto alikuwa mzima. Lakini huko Mashuuru maneno yakaanza. Homa gani hii haiishi? Msichana ni wa Rombo, mpakani, watu wengi wanapita. Labda alikuja na ugonjwa wa wanaume. Lemein akasema akihakikisha, atamrudisha kwao, na mtoto atabaki.

Akaja kwetu Kitengela kuhakikisha.

"Takwenya, Mama Jane," akasalimu.

"Iko," Mama Jane akaitikia.

Hakungoja hata chai ipoe. "Wewe uliona faili ya yule msichana."

"Naona faili nyingi."

"Mimi ndiye baba wa boma. Niambie ni ugonjwa gani."

"Muulize Kakenya."

"Nitaongea aje na mke wa mtoto wangu mambo ya tumboni? Ni aibu!"

"Kama kwako ni aibu kuuliza, kwangu ni aibu kusema."

"Umeficha. Kwa hivyo ni mbaya."

"Hata mafua ya mbuzi wako sitakuambia."

Mimi nikacheka. Lemein hakucheka. Akasema ndugu yake ameoa ukuta, akatoka. Chai yake ilibaki kwa kikombe, na hiyo kwetu si jambo dogo.

Jumamosi Mama Jane alinivuta twende Mashuuru. Faili hakuitaja. Aliketi na Kakenya, mimi nikiwa mlangoni nasikia.

"Ugonjwa ni wako," akamwambia. "Rudi kliniki, muulize daktari mwenyewe. Ukitaka, ingia na bwana yako. Usipotaka, ingia peke yako."

"Na kama ni mbaya, yeyo, mama yangu?"

"Mama yako anakuambia hivi: utakuwa wa kwanza kujua, si wa mwisho."

Kakenya aliingia na Parmuat. Waliporudi, Parmuat alimwambia baba yake wazi. Ni uchafu uliingia kwa kizazi siku ya kuzaa. Mikono iliyovuta kondo haikuoshwa. Na aliyevuta alikuwa mke wa Lemein mwenyewe.

Habari ya Rombo haikutajwa tena. Mtoto wa pili alipokaribia, ni Lemein alitafuta gari la kumpeleka Kakenya hospitali. Ninayasema haya kwa sababu Kakenya ameniruhusu. Mama Jane angeniuliza hilo kwanza.

Siku ya mazishi Kakenya alikuja na watoto wote wawili. Lemein akasimama karibu na mimi, kaburini. Miguu yangu haikutulia, akanishika mkono.

"Wakati ule wa faili ya Kakenya, wewe alikuambia?"

"Hapana."

"Hata kwa kitanda?"

"Hata huko."

Akatikisa kichwa. "Kweli ulioa ukuta," akasema, na machozi yakamtoka.

Kuna neno sikumwambia. Siku ile alipotoka kwetu na hasira, mimi pia nilimuuliza Mama Jane. Kama si ugonjwa mbaya, si useme tu, msichana asirudishwe kwao? Alikuwa anamwaga ile chai ya Lemein. Hakugeuka. Alisema hivi:

"Nikisema ya mmoja kwa sababu ni nzuri, siku nikinyamazia ya mwingine mtajua ni mbaya. Nenda ufunge mbuzi, Baba Jane."