Wanja wa Injini

Mume wangu alipofariki aliniachia mashine ya kusaga unga pale Likoni, na mashine yenyewe ilikuwa taabani. Injini yake ya dizeli ilikunywa mafuta bila haya, ikatoa moshi wa kututoa machozi. Vyuma vimelika. Mashine ya kusaga ilikuwa ikijisaga yenyewe. Shemeji yangu keshaanza kutafuta mnunuzi wa chuma chakavu, na wanangu walikula kwa mashine hiyo hiyo. Nikasema haiuzwi.

Nikavuka feri mpaka duka la vipuri, nikauziwa kikopo cha kuchanganya na oili. Muuzaji alinieleza kuwa ndani mna chembe za madini, ndogo hata jicho halizioni, zinazojipaka kwenye vyuma visilane. "Ni dawa ya injini," akasema. Nami kwa kimbelembele changu nikarudi nikilitangaza neno hilo mtaa mzima. Laiti ningalijua!

Nilipokitia, fundi wangu wa mashine aliona oili imegeuka nyeusi tii, akanung'unika kuwa oili nyeusi imekufa. Majirani nao walisikia neno moja tu: dawa. Ikawa nimetia dawa ya kuvuta wateja, nayo imo mpaka ungani. Wanawake wakapita mlangoni kwangu na mahindi kichwani, wakaenda kusaga kwengine. Nilikasirika.

Nikatoka na kikopo, nikamsimamisha mkubwa wao.

"Shikamoo, bibi. Hebu itazame hiyo dawa yenyewe."

"Marahaba." Akachovya kidole kwa woga, akasugua, akakigeuza juani. Kiling'aa kwa weusi. "Wallahi, hii si dawa, mwanangu. Huu ni wanja!"

Kicheko kilichoangushwa pale! Injini ya mjane imepakwa wanja, inataka kuolewa. Tangu hapo dawa ile ikaitwa wanja wa injini, na wanja haumtishi mtu. Mahindi yakarudi.

Na injini ikapona. Moshi ukapungua, mngurumo ukatulia, dizeli iliyokuwa ikiisha kabla ya alasiri ikawa inabaki. Shemeji alipomleta mnunuzi wake, nilimkabidhi mgeni huyo hendeli ya kuwashia injini azungushe mwenyewe. Ikawaka papo hapo. Foleni nzima ikapiga vigelegele, nami nikapiga zaidi yao.

Mnunuzi akaenda zake. Shemeji akajikuna kichwa.

"Shemeji, ule wanja umebaki? Gari langu nalo lanywa mafuta."

"Umebaki, shemeji," nikamjibu kwa adabu zote. "Lakini gari hilo, kwani huliuzi chuma chakavu?"