Kura za Kijiji Nilizogawa Nikiwa Doha

Hadi leo aibu hii ikinijia nikiwa kwenye usukani wa gari la kafili, mwajiri anayenidhamini hapa Doha, napiga honi bila mtu kunikosea.

Mwaka ule wa uchaguzi kaunti yetu ilikuwa na viti vitano vya ubunge, na vyote vilikaliwa na watu walioota mizizi kama magugu, wanaojijengea maghorofa huku zahanati ikikosa hata panadol. Safari hii walijitokeza wagombea wapya wa kuleta mageuzi, na wa jimbo letu alikuwa Mwalimu Naliaka, mama ambaye hajawahi kumhonga mtu hata pakiti ya unga. Akanipigia huku Doha, akijua ni mimi ninayewatumia watu wetu pesa, kuniuliza aende lini kijijini kwetu, maana muda ulikuwa umebana na petroli ni ghali.

Nikamwambia, "Mwalimu, kwetu usipoteze mafuta. Kura za huko ziko mfukoni mwangu." (Nilishazihesabu mara mbili: ndugu zangu, wake zao, na majirani ninaowalipia karo.)

Ijumaa ya mwisho kabla ya kura, siku yetu ya mapumziko huku, tukitoka kanisani Mesaimeer, Wakenya wa kaunti yetu wakajazana chumbani kwangu mtaa wa Najma, ubishi ukawaka. Otuoma, askari wa hoteli mwenye mdomo, akasema Mwalimu hawezi kushinda. Ningenyamaza tu! Nikampigia mama, nikaweka spika wote wasikie.

"Mama, waambie hawa watu mtampigia nani."

"Si Mheshimiwa wetu wa siku zote? Nani mwingine?"

"Mama! Tulikubaliana Mwalimu Naliaka!"

"Ulikubaliana na nani? Ulisema, ukakata simu. Huyo Mwalimu amezunguka kote, kwetu hajakanyaga. Mheshimiwa ni mwizi, tunamjua, lakini alikuja akaketi, akatuomba."

Hasira ikanipanda, nikaropoka: "Na ni nani anawalisha?"

Kisha mama, polepole: "Kumbe wewe ndiye kafili wetu. Basi njoo uchukue na vitambulisho vyetu, uvifungie kabatini kama huyo wako alivyofungia pasipoti yako."

Akakata.

"Kafili," Otuoma akaniita, machozi ya kicheko yakimtoka, "hizo kura uliweka mfuko wa shati ama wa suruali?"

Nikawafukuza wote, hata wawili ninaoishi nao chumba kimoja.

Nikampigia Mwalimu, nikamwambia akimbie kwetu. Akasema kampeni zinafungwa kesho asubuhi na yeye yuko upande wa pili wa jimbo. Halafu akauliza, bila kupandisha sauti, "Kwani hukuwauliza?"

Viti viwili kati ya vile vitano vilikwenda kwa wapya. Chetu kilimrudia mwizi, kwa pengo ambalo kijiji chetu peke yake kingeliziba. Nimemlaani huyo mbunge, nimemlaani Otuoma, lakini nikipiga hesabu upya jibu linatoka jina langu. Mtu akiniuliza tena kwetu watapiga kura vipi, nampa namba ya mama, na namwambia aende na miguu yake akamwombe.